Mzigo na Furushi

Fungu la msingi: Wagalatia 6:1–5

Siku ya ubatizo, kabla mtu hajaingia majini, husimama mbele ya kanisa na kusomewa nadhiri. Miongoni mwa ahadi anazotoa ni kujitenga na pombe, tumbaku na kila kinacholevya. Huinua mkono, kanisa huitikia Amina, na furaha huwa kubwa. Ahadi hiyo hutolewa mara moja, mbele ya watu wengi. Kuitunza ni kazi ya kila siku, na mara nyingi hufanyika mahali ambapo hakuna mshiriki hata mmoja wa kuona: jioni ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa mfukoni, kwenye njia inayopita mbele ya kilabu cha pombe.

Kwa mtu ambaye hakuwahi kunywa, njia hiyo ni njia tu. Kwa aliyekunywa miaka ishirini, kila hatua ni vita. Yeye ndiye anayehusika na somo hili. Akihitaji watu wengine ili asirudie pombe, je, huo ni upungufu wa imani? Na ndugu walioitikia Amina siku ile, je, wanadaiwa nini?

Maneno mawili ya Paulo

Soma Wagalatia 6:2, kisha 6:5. Katika fungu la kwanza Paulo anawaagiza waumini wachukuliane mizigo. Mafungu matatu baadaye anasema kila mtu atalichukua furushi lake. Msomaji wa haraka hudhani kwamba mtume amejipinga. Lakini katika Kiyunani Paulo alitumia maneno mawili tofauti, na Biblia ya Kiswahili inayotumika sana makanisani imeitunza tofauti hiyo kwa kuandika mzigo mahali pamoja na furushi mahali pengine.

Kila aliyewahi kubeba gunia kichwani anaielewa tofauti hiyo bila mwalimu. Gunia zito halijitwiki. Hata mwenye nguvu huita mtu amtwike, na akifika huita mtu amtue. Lakini katikati ya safari shingo ni yake na miguu ni yake.

Mtu anayetoka katika ulevi anavyo vyote viwili. Furushi lake ni lile ambalo hakuna awezaye kumbebea: kukataa kikombe kinapoletwa, kulipa madeni aliyoyaacha, kumwomba mkewe msamaha, kuwatazama watoto wake machoni. Mzigo wake ni ule unaomzidi nguvu: tamaa inayokuja bila hodi, aibu, upweke, na wazo la kwamba hakuna anayemwelewa. Kanisa likimbebea furushi, litamfanya mtoto mchanga. Likimwachia mzigo, litamwua. Hekima ya upendo ni kutofautisha hivyo viwili.

Je, Mungu hatoshi?

Wapo wanaosema kwa nia njema: “Ukimtegemea Yesu kikamilifu, huhitaji kikundi. Omba, funga, na kiu itaondoka.” Ni kweli kwamba wako watu ambao kiu yao iliondoka siku moja na haikurudi tena. Tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wako wengine, waaminifu vilevile katika maombi, ambao kiu yao hurudi kila jioni. Kuwaambia kwamba imani yao ni pungufu ni kuwaongezea mzigo badala ya kuwatua.

Biblia haioni aibu juu ya kuhitajiana. Soma Mwanzo 2:18. Adamu alikuwa hajatenda dhambi, na Mungu alikuwa akitembea pamoja naye. Hata hivyo Mungu mwenyewe alisema kwamba upweke wa mtu yule si mwema. Soma Matendo 9:3–18. Kristo alisema na Sauli uso kwa uso njiani kuelekea Dameski, lakini hakumfumbua macho pale pale. Alimtuma Anania, mtu wa kawaida mwenye hofu, aende kumwekea mikono na kumwita ndugu. Soma pia Marko 2:1–12, uone Yesu alivyoitazama imani ya wale waliombeba mwenye kupooza. Mungu anatosha. Lakini mara nyingi mkono anaouchagua ni mkono wa jirani.

Waanzilishi wa kanisa hili waliliona jambo hilo mapema. Joseph Bates, nahodha wa meli, alikuwa ameacha vileo kwa uamuzi wake mwenyewe miaka mingi kabla ya kuujua ujumbe wa Sabato. Hata hivyo mwaka 1827, mara tu baada ya kubatizwa katika Kanisa la Christian, aliandaa karatasi ya kukusanya saini ili kuanzisha chama cha kiasi katika mji wake wa Fairhaven, Massachusetts. Mchungaji aliyembatiza hakukubali kumsaidia, lakini mchungaji wa kanisa jingine pamoja na watu wachache wa mji walitia saini. Bates alikuwa ameweza kuacha peke yake. Bado hakudhani kwamba kila mtu angeweza kuacha peke yake.

Simu iliyopigwa Akron

Mwezi wa Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli moja mjini Akron, Ohio. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alikuwa ametimiza miezi mitano bila pombe, na sauti za vicheko kutoka baa ya hoteli zilikuwa zikimwita. Badala ya kwenda baa, alikwenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji ambaye hakumfahamu, akapewa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo akampata Henrietta Seiberling, mama mcha Mungu aliyemkutanisha na daktari mpasuaji wa mji ule, Robert Smith.

Daktari Smith alikuwa mlevi. Rafiki zake walikuwa wamesali pamoja naye, naye alikuwa amekiri kwao udhaifu wake, lakini alikuwa bado anakunywa. Alikubali kumpa mgeni huyo dakika kumi na tano tu. Walizungumza kwa saa kadhaa, hadi usiku. Baadaye daktari alieleza kwamba Wilson alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye ambaye aliujua ulevi kwa kuupitia mwenyewe. Wiki chache baadaye Smith alianguka tena. Kisha tarehe 10 Juni 1935 alikunywa kwa mara ya mwisho, na hakurudia mpaka alipofariki mwaka 1950. Kutokana na mazungumzo yale ulizaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajana majina, ambao leo una vikundi katika nchi nyingi za dunia.

Mwadventista hatakubaliana na kila neno la umoja huo, hasa pale unapomwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake. Lakini kuna jambo moja ambalo hapaswi kulipita. Wilson hakupiga simu ili atafutiwe mtu wa kumsaidia yeye. Alitafuta mlevi mwingine ili amsaidie. Miezi iliyotangulia, kule New York, alikuwa amejaribu kuwasaidia walevi wengi, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Lakini katika muda wote huo yeye mwenyewe hakunywa. Aliyekuwa akimtua mwenzake alikuwa akituliwa pia.

Soma 2 Wakorintho 1:3–4. Paulo anafundisha kwamba faraja tuipatayo kwa Mungu hutolewa ili tuwafariji wengine walio katika dhiki. Soma tena Luka 22:31–32. Yesu alijua kwamba Petro angemkana. Hakumwambia kwamba kuanguka kwake kungemwondolea kazi. Alimpa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapokuwa amerejea. Mtu aliyekuwa mlevi si mshiriki wa daraja la pili, anayestahili kuhurumiwa tu. Analo jambo ambalo mzee wa kanisa asiyewahi kuonja pombe hawezi kumpa anayezama: neno la mtu aliyetoka shimo hilohilo.

Maadamu ni leo

Wengine huogopa kuwakutanisha watu waliokuwa walevi, wakikumbuka onyo la 1 Wakorintho 15:33 juu ya mazungumzo mabaya. Onyo hilo ni la kweli. Lakini marafiki wabaya hawatambuliwi kwa mahali walikotoka. Hutambuliwa kwa mahali wanakokwenda. Watu wawili waliotoka kilabu kimoja na sasa wanakwenda kwa Kristo ni wenzi wema wa safari.

Waebrania 3:13 inawaagiza waumini waonyane kila siku, maadamu bado ni leo. Sababu inayotolewa ni kwamba dhambi ina udanganyifu unaoufanya moyo kuwa mgumu. Ulevi una udanganyifu wa namna hiyo hiyo. Humwambia mtu kwamba glasi moja haina neno, kwamba leo ni siku ya msiba, kwamba leo ni siku ya harusi. Mtu akiwa peke yake na sauti hiyo huanza kuiamini. Akiisema kwa sauti mbele ya mwenzake anayeijua, wote wawili huisikia jinsi ilivyo ya uongo. Ndiyo maana mahubiri ya mara moja kwa juma hayamtoshi. Saa ngumu kwake huenda ikawa Jumamosi jioni, Sabato ikiisha kufungwa, ndugu wametawanyika, na muziki wa baa umeanza.

Siri na marudi

Hapa pana swali gumu zaidi. Ndugu mmoja anaanguka Jumanne. Sabato ikifika ana njia mbili. Akinyamaza, ataimba na kwaya kama kawaida. Akisema, jina lake litapelekwa barazani. Kanisa likiishi hivyo kwa muda mrefu, litawafundisha washiriki wake somo ambalo halikukusudia: anayeficha hupongezwa, anayekiri hupigiwa kura.

Kanisa lina wajibu wa kulinda jina la Kristo, na marudi ni sehemu ya wajibu huo. Lakini soma Mathayo 18:15–17. Bwana aliweka mazungumzo ya watu wawili kwanza, kisha mashahidi wachache, na kanisa likawa la mwisho. Naye Paulo katika Wagalatia 6:1 anataka aliyeghafilika arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake. Anayeanguka, akalia, akamtafuta ndugu yake asubuhi, hayuko sawa na anayekunywa kwa kiburi na kukataa kila mkono. Marudi ni kwa ajili ya huyu wa pili. Na hata huyo, kanisa linapolazimika kumrudi, asifungiwe mlango wa kikao ambacho kingeweza kumponya.

Yakobo 5:16 inahimiza kuungamiana na kuombeana. Maungamo hayo hayawezekani pale ambapo maneno ya Jumanne hufika sokoni Jumatano. Walio katika kikundi hawana budi kutunza siri. Lakini siri hii ni ya kuilinda toba, si ya kuficha madhara. Mtu akieleza kwamba anampiga mkewe, au kwamba watoto wako hatarini, ndugu zake hawana ruhusa ya kunyamaza. Siri inayomlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge si ya Kristo.

Kuanza na wawili

Kanisa halihitaji bajeti ili kuanza. Soma Mhubiri 4:9–12. Wawili wanatosha, na watatu ni bora. Wachague saa na mahali, na wasikose. Wapeane namba za simu, na simu zisizimwe jioni za mwisho wa mwezi. Siku ya mshahara, mmoja amngojee mwenzake langoni mwa kazi na watembee pamoja mpaka nyumbani. Asiyewahi kunywa akikaribishwa, asikilize kuliko kusema. Na mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asishauriwe kuacha ghafla bila kuonwa na daktari, kwa maana mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kupata degedege na kuchanganyikiwa kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Kumpeleka hospitali ni sehemu ya kumchukulia mzigo.

Wengine wataanguka hata wakiwa na ndugu wema. Wilson alishindwa na wote aliowasaidia New York kabla ya kumpata mmoja Akron. Upendo haupimwi kwa idadi ya waliosimama. Hupimwa kwa kuwa pale mtu anapoita atuliwe. Kanisa liliitikia Amina alipoinua mkono. Jumamosi jioni simu ikilia, hiyo ndiyo Amina ya pili.

Maswali ya kujadili

1. Katika maisha ya mtu anayeacha pombe, ni mambo gani yaliyo furushi lake, na ni yapi yaliyo mzigo wa kuchukuliana? Tunakosea upande gani zaidi katika kanisa letu?

2. Mshiriki akianguka juma hili, je, yuko mtu mmoja katika darasa hili ambaye angeweza kumwambia bila hofu? Kama hayupo, nini kibadilike?

3. Ni lini kutunza siri ni upendo, na ni lini ni kushiriki katika dhambi?

4. Je, yuko mtu ambaye udhaifu wako wa zamani, pombe au jambo jingine, ungeweza kumfaa leo? Utamfikia lini?