Tukigoma, Nani Analipa?

Watu wakikubaliana kususia kampuni, swali la kwanza huwa: tutashinda? Mimi nadhani kuna swali linalofaa kutangulia: gharama ya mgomo itabebwa na nani? Kwa sababu kugoma si bure, hata kama kwa wateja kunaonekana ni kukaa tu bila kulipa.

Chukua televisheni ya kulipia. Unalipa mwezi mzima kwa M-Pesa kabla hujaona kitu. Mvua ikinyesha, picha inakwamakwama. Mitambo yao ikiharibika siku tatu, siku zako zinaendelea kuhesabiwa tu. Ukipiga simu, unasikilizishwa muziki mpaka uchoke. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo. Lakini ukiidai haki hiyo peke yako, wewe ni namba moja kwenye foleni ya simu. Ndiyo maana watu hukusanyika.

Mtaani kwetu hapa Nairobi tulikusanyika. Tukaandika barua moja, tukatia sahihi, tukakubaliana hakuna kulipia kifurushi kwa mwezi mmoja. Tulitaka vitu viwili: siku zinazopotea kwa kosa la kampuni zirudishwe, na simu ipokelewe na mtu. Kila jirani alikubali, isipokuwa mzee mwenye banda la mpira, anayetoza watu kiingilio wikendi.

“Kijana wangu,” aliniambia, “wewe ukizima TV unakosa mechi. Mimi nikizima, nyumbani wanakosa unga.”

Kufika jioni, alikuwa ashaitwa msaliti. Na hapo ndipo nilianza kuuliza: msaliti wa nini, haswa?

Mwanauchumi Mmarekani Mancur Olson aliandika mwaka wa 1965 kuhusu shida hii ya makundi. Matunda ya jasho la pamoja yakiwa ya kila mtu, kila mtu ana sababu ya kungoja wengine watoe jasho. Kampuni ikirudisha siku zilizopotea, itamrudishia pia yule aliyelipa kimyakimya ili asikose Arsenal. Huyo kweli anakula bila kulima, na sina pole naye.

Lakini mzee wa banda si huyo. Hakuomba kubebwa. Sisi ndio tulimwomba atoe zaidi yetu sote, halafu tukamkasirikia kwa kukataa. Mimi mwezi huo nilipoteza burudani, na nikabaki na pesa ambayo ningelipia kifurushi. Yeye angepoteza mapato. Kusema “sote tumejitolea sawa” hapo ni uongo, hata kama sote tumezima dekoda siku moja.

Kuna mgomo mmoja ambao watu wanapenda kuutaja bila kuangalia ulivyoendeshwa: ule wa mabasi ya Montgomery, Alabama. Watu Weusi walisusia mabasi yenye ubaguzi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955. Silinganishi ubaguzi wa rangi na picha inayokwama, hayo hayakaribiani. Ninachoangalia ni mpango wao. Wengi waliopanda mabasi hayo walikuwa wapishi na wafanyakazi wa nyumbani, watu wasioweza kukosa kazi hata siku moja. Wengi walitembea kwa miguu. Lakini pia wenye magari waliwabeba wasio nayo, kulikuwa na vituo vya kuchukulia abiria, na michango ilikusanywa makanisani. Mtu alikuwa ameketi na kuuliza: mama wa kazi atafikaje?

Sisi hatukuuliza. Na si kwamba hatujui kuchanga. Mtaa huohuo huchangia harusi, hospitali na matanga. Chama tunajua kukiendesha. Shilingi mia mbili kutoka kwa kila nyumba, pesa ambazo tayari hatukuzitumia kwa kifurushi, zingeziba sehemu ya pengo la mzee wikendi hizo nne.

Utaniambia: ukifungua mlango huo, kila mtu atajidai yeye ndiye mzee wa banda. Ni kweli, wengine watajaribu. Basi swali liulizwe mkutanoni, mbele ya watu, kabla ya mgomo: ukizima, unakosa starehe au unakosa chakula? Majirani wanajuana. Si rahisi kudanganya mtu anayekuona ukikopa sukuma kwa mama mboga.

Na kama hatuko tayari kumchangia, basi tumwache alipie kifurushi chake kwa amani. Dekoda yake moja haiwezi kuangusha mgomo wa mtaa mzima. Kampuni ilituchukua kama namba, na tulikasirika kwa haki. Hatuwezi kumgeuza jirani kuwa namba ya kujaza orodha yetu, halafu tuuite huo umoja.