Faili Lililofika Nusu

Minofu ya sangara haiondoki Mwanza peke yake. Kila shehena inayokwenda Ulaya inafuatana na maelezo yake: mwalo ambako samaki walishushwa, boti iliyowaleta, barafu waliyolala nayo, majibu ya maabara. Ukali huo una chanzo chake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia habari za uvuvi wa sumu, na viwanda vya ukanda huu vikaonja maana ya kukosa mnunuzi. Tangu hapo, asiyeweza kuonyesha samaki wake wametoka wapi hana biashara.

Kisa ninachosimulia ni cha kufundishia, na kiwanda chenyewe sikipi jina. Kilikuwa kimeachana na makabrasha. Mnunuzi akitaka nyaraka za shehena, mfumo wake uliuomba mfumo wa Mwanza kupitia huduma ya wavuti, na programu ya Mwanza ikaandaa faili papo hapo: ikachota orodha kutoka kwenye hifadhidata, ikaongeza picha za stakabadhi za mwaloni, ikayatuma yote kama kiambatisho cha jibu. Faili halikuwepo kabla ya kuombwa. Ugumu wote unaanzia hapo, maana hakuna ajuaye ukubwa wa faili la namna hiyo mpaka liishe kuandaliwa.

Kijana aliyeiandika programu alichagua njia ambayo wengi huichagua. Alikusanya kila kitu kwenye kumbukumbu ya seva kwanza, akapima ukubwa, ndipo akatuma. Aliijaribu kwa shehena ndogo ya megabaiti 2 na ikapita bila shida. Hakuna aliyemwambia ajaribu siku kubwa, na kwa maoni yangu kosa hilo ni la waliompa kazi kuliko lake.

Fuata hesabu ya siku kubwa. Jibu lilikuwa la XML, na XML haibebi picha ghafi. Lazima picha zigeuzwe herufi kwa mtindo wa base64, ambao hufanya kila baiti 3 kuwa herufi 4. Kwa hiyo faili la megabaiti 90 linakuwa 120. Java iliyokuwa kwenye seva ile ilikuwa ya kabla ya toleo la 9 la mwaka 2017, na Java hizo za zamani zilitunza kila herufi kwa baiti 2. Zile 120 sasa ni 240. Ongeza lile faili la awali ambalo bado limeshikiliwa: 330. Programu ilitengewa gigabaiti 1. Wanunuzi watatu wakiomba kwa pamoja, kumbukumbu imejaa, na anayekuja wa nne anakuta seva imeganda.

Mtandao wa polepole ndio unaofanya maombi yarundikane. Jibu linaloondoka kwa sekunde kumi linaachia nafasi mapema, lakini linalojikokota kwa dakika ishirini linaishikilia muda wote huo. Nasi hatuko mbali na siku za namna hiyo. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Anayeandika programu ya kutuma mizigo mikubwa kutoka kando ya ziwa hili aichukulie hali hiyo kuwa sehemu ya kazi yake.

Basi seva ikaanguka, ikawashwa upya, ikaanguka tena. Kiwanda kiliiongezea kumbukumbu, kikapumua kwa muda, msimu ulipochanganya ikaanguka kama mwanzo. Hapo ndipo kijana alipoibadilisha njia yenyewe. Waliowahi kuvuka Kigongo kwenda Busisi wanaijua tofauti: kivuko kilingoja magari yajipange na kupakiwa ndipo king'oe nanga, ilhali kwenye daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 gari linapita bila kungoja la nyuma yake. Programu mpya ilisoma safu chache kutoka hifadhidata, ikaziandika moja kwa moja kwenye mkondo wa jibu, ikazisahau, ikasoma nyingine. Picha zilitoka diskini kilobaiti 8 kwa kilobaiti 8. Hazikugeuzwa herufi tena, kwa sababu utaratibu wa MTOM, uliopitishwa na W3C Januari 2005, unaziruhusu zisafiri ghafi kando ya bahasha ya XML. Suala la ukubwa usiojulikana nalo lilikuwa na jibu tangu HTTP/1.1 ya mwaka 1997: jibu hutumwa vipande vipande, kila kipande kikitanguliwa na ukubwa wake, na kipande cha sifuri hutangaza kwamba mzigo umekwisha.

Kumbukumbu ikashuka, seva ikatulia. Kiwandani wakaamini yamekwisha.

Mama mmoja wa idara ya nyaraka ndiye aliyeona. Alikuwa na mazoea ya kupakua faili lile lile analopelekewa mnunuzi na kulipitisha macho. Alimwita kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu njoo uone hapa. Maisome iko wapi?"

Orodha ilipangwa kwa alfabeti ya majina ya visiwa: Goziba, Kome, halafu basi.

"Labda siku hiyo hawakuleta, mama."

"Mwanangu, mzigo wa Maisome niliupokea mwenyewe alfajiri. Na wa Ukara pia haupo."

Hifadhidata ilikuwa imekatika katikati ya kazi. Programu ililidaka kosa, ikaliandika kwenye kumbukumbu za matukio ambazo hakuna aliyezisoma, kisha ikaufunga mkondo kistaarabu. Seva, ikiona umefungwa kistaarabu, ikatuma kipande cha sifuri. Kwa mfumo wa mnunuzi, faili lilikuwa limefika zima, na neno la kwanza la jibu, lile la kwamba mambo ni sawa, lilishatumwa kabla kosa halijatokea. Halirudi tena.

Orodha ilikuwa ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na faili la aina hiyo likikatwa popote linafunguka bila kulalamika. Faili la zip lisingeificha hali hiyo, kwani orodha ya yaliyomo ndani yake huandikwa mwishoni, na likifika nusu haliwezi kufunguliwa kama kawaida. Mimi ninaliogopa zaidi faili linalofunguka hali ni pungufu. Seva iliyoganda inamfanya kila mtu aje kuuliza. Orodha pungufu inakwenda hadi mezani kwa mkaguzi, na kiwanda kinaonekana kimeficha samaki.

Marekebisho ya pili yalikuwa madogo kwa mistari. Kosa likitokea katikati, programu sasa inaukata muunganisho ghafla bila kipande cha sifuri, na upande wa pili unajua kwamba umepokea kipande tu. Mwishoni mwa orodha kuna mstari unaotaja idadi ya safu na jumla ya kilo, na mfumo wa mnunuzi unalikataa faili lisilo na mstari huo. Mama wa nyaraka ndiye aliyedai kilo ziwepo, kwa kuwa anazilinganisha na mizani ya getini.

Shehena kubwa zaidi zilipewa njia nyingine. Faili huandaliwa kipande kwa kipande kwenye diski, na mnunuzi hulipakua kutoka huko. Mtandao ukikatika, anaomba kuanzia baiti aliyoishia. Njia hii inadai subira kidogo mwanzoni, na inadai mtu wa kufuta mafaili ya zamani kila wiki, kazi ambayo imeandikwa kwenye ratiba ya zamu.