Kumkumbuka Maiti Tumpendaye

Alipouawa Jaafar bin Abi Talib vitani Muta, nchi ya Sham, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi, alikuwa mwana wa ami yake na kipenzi chake. Kisha akaamrisha jamaa za Jaafar wapelekewe chakula, maana msiba umewashughulisha. Zilipopita siku tatu akawaita watoto, akawaletea kinyozi, akasema walii wao ni yeye.

Sisi je? Twaenda matangani tukapikiwa na wafiwa! Wali ule ni mali ya mayatima, na deni la marehemu halijalipwa. (Nasi tuandikao haya tumeila sahani hiyo, Mola atughufirie.) Kisha twadai twamkumbuka. Ewe ndugu, tangu afe sahibu yako, umepata kwenda kuwatazama wanawe?