Aliyeonewa Ana Ruhusa Gani?

Mtu akionewa, je, hasira yake inampa ruhusa ya kufanya lolote? Tunauliza hivi kwa sababu ya habari moja ya mpira wa miguu, nayo yawafaa hata wasiopenda mpira.

Kaskazini ya Italia, katikati ya mashamba ya mpunga, uko mji uitwao Vercelli. Chama chake cha michezo, Pro Vercelli, kilianza mwaka 1892 kwa mazoezi ya viungo. Mpira ulifuata mwaka 1903. Mwaka 1908 kilishinda Italia nzima, na mwaka 1909 tena. Mwaka 1910 kilikuwa sawa na Inter ya Milano kwa pointi, ikabidi mchezo mmoja uamue. Ukawekwa tarehe 24 Aprili. Watu wa Vercelli wakaomba uahirishwe, kwani baadhi ya wachezaji wao walikuwa na mashindano mengine. Wakakataliwa. Basi kwa uchungu wakapeleka uwanjani wavulana. Inter ikashinda 10 kwa 3.

Tusiwahukumu upesi. Anayejiona amenyimwa haki huumia, na kunyamaza mbele ya uonevu si wema sikuzote. Lakini tutazame, nani alilipa? Wakubwa waliopanga siku hawakupungukiwa na kitu. Inter ilipata ubingwa wake wa kwanza. Waliolipa ni wale wavulana, waliobebeshwa mbele ya watu hasira isiyo yao. Hapo ndipo lilipo kosa. Kukataa ni halali. Kumfanya mdogo awe fimbo yetu si halali.

Mji ule ule ulikuwa umekwisha kuona kukataa kwa namna nyingine. Mtakatifu Eusebio, askofu wake wa kwanza, alitakiwa mwaka 355 kutia sahihi hukumu juu ya Mtakatifu Atanasi. Akakataa, naye Kaisari Konstansio akampeleka uhamishoni Palestina. Mzigo wa kukataa kwake aliubeba mwenyewe.

Nao wachezaji wa Vercelli walitoa baadaye jibu lililo bora: walicheza. Wakashinda Italia mwaka 1911, 1912 na 1913. Tarehe 1 Mei 1913, Italia ilipoishinda Ubelgiji 1 kwa 0, wachezaji tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wa chama hicho. Ubingwa wao wa mwisho ni wa mwaka 1922. Kisha miji mikubwa yenye fedha ikawapita, na mwaka 2018 walishuka tena hadi daraja la tatu. Vikombe hupita, lakini swali letu limebaki.

Wahenga walisema: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Je, nyumbani mwetu si hivyo? Baba na mama wamegombana, na mtoto hutumwa kupeleka maneno machungu huku na huku. Basi, ndugu wasomaji, tukionewa tukatae, tena kwa sauti. Lakini uwanjani tuingie sisi wenyewe.