Je, Giza Lina Chanzo?

Taa ya mbele ya pikapu kuukuu inapokataa kuwaka, huzuka swali lililo kongwe kuliko magari: kitu ambacho hakipo kinawezaje kusababisha jambo? Sababu kwa kawaida hutenda. Jiwe huvunja kioo, moto huchemsha maji. Giza la taa halikutendwa na chochote cha namna hiyo. Umeme haukufika, basi, na kule kutofika hakushikiki kwa koleo.

Augustino, mzaliwa wa Thagaste na askofu wa Hippo, miji ambayo leo imo katika Algeria, alikuwa na jibu. Katika Mji wa Mungu, aliouandika kati ya mwaka 413 na 426, uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema. Anayeutafutia chanzo kinachotenda, asema, ni kama mtu anayetaka kuliona giza kwa macho au kuusikia ukimya kwa masikio. Alikuwa akizungumzia dhambi, si betri. Lakini mfano wa giza aliuchagua mwenyewe, na huo unaweza kupimwa kwa mita ya fundi yeyote.

Kasapa, pembeni mwa Lubumbashi, ni mahali pazuri pa kuupimia. Jina hilo limebebwa na kampasi ya chuo kikuu na vilevile na gereza kuu la mji, na magari yanayopita huko hula vumbi jekundu kiangazi chote kabla ya mvua za Novemba kuligeuza tope. Vumbi na unyevu huingia kwenye soketi za taa na chini ya skrubu zinazofunga waya kwenye bodi. Waya huo wa bodi, unaorudisha umeme kwenye betri, mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huuita masi, nao ndio mshukiwa wa kwanza katika gari lenye umri.

Mpangilio wa ukaguzi hauna siri. Taa zote mbili zikizimika pamoja, hutazamwa kile zinachoshirikiana: fyuzi, relei, swichi ya usukani. Ikizimika moja, hutazamwa balbu yake, soketi yake na masi yake. Kigumu ni pale balbu ni nzima, fyuzi ni nzima, na taa bado ni giza au inatoa mwanga wa rangi ya chai. Hapo mwanagenzi huchomoa soketi, huweka ncha za mita, husoma volti 12, na kutangaza kwamba umeme upo. Amedanganyika, ingawa mita haikusema uongo. Mita huvuta umeme mdogo mno, kiasi kwamba hata uzi mmoja wa shaba uliobaki katika waya uliokatika huweza kuionyesha volti zote 12. Balbu ya kawaida ya wati 55 huhitaji takriban ampea 4.6. Ikirudishwa mahali pake na kuwashwa, kipimo kilekile huweza kuanguka hadi volti 6, na kwa nusu ya volti balbu ya halojeni hutoa kama sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wake. (Wenye magari wengi huitibu hali hiyo kwa kununua balbu za wati 100. Balbu hizo huvuta umeme mwingi zaidi kupitia kiungo kilekile kibovu, ambacho huzidi kupata moto hadi plastiki inayeyuka.)

Kwa hiyo upungufu una mahali pake. Ncha moja ya mita ikiwekwa kwenye masi ya taa na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, taa ikiwa imewashwa, volti zilizopotelea njiani upande huo husomeka pale pale. Taa ikizimwa, husomeka sifuri, kama kwamba hakuna kasoro. Augustino angekubali kwamba giza lenyewe halionekani. Asingetarajia kwamba ukosefu unaweza kuwa na anwani.

Kuna dalili inayomsumbua Augustino zaidi. Katika gari ambalo kila taa ina masi yake kwenye bodi, masi ya upande mmoja ikikatika huku mwanga wa karibu ukiwa umewashwa, umeme hutafuta njia nyingine: hupita uzi wa mwanga wa karibu, hurudi nyuma kupitia uzi wa mwanga wa mbali wa balbu ileile, kisha huvuka hadi taa ya pili kutafuta masi yake. Nyuzi zisizoamriwa huwaka kwa unyonge, na kitaa cha buluu kwenye dashibodi huweza kung'aa ilhali dereva hakuwasha mwanga wa mbali. Utupu mtupu usingewasha kitu. Pikapu nyingi za zamani za Toyota huenda mbali zaidi, kwa kuwa swichi yake imewekwa upande wa masi: umeme ukishapita relei hufika kwenye balbu na kungoja, na kinachoamua uzi upi uwake ni njia ya kutokea, si ya kuingilia.

Maelezo ya namna hii yana jirani wa kifalsafa aliyechapishwa Lubumbashi kwenyewe, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1945 Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alitoa humo kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Hoja yake kuu ni kwamba kuwako ni nguvu, na nguvu huongezeka au hupungua kulingana na vifungo vyake na nguvu nyingine. Katika Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki lililoanza kwa mafundisho yake karibu na Kolwezi mwaka 1953, fikra hiyo ilipata maneno ya Kiswahili cha Katanga: uzima, uzazi, mapendo. Wakosoaji hawakumwacha. Alexis Kagame aliandika upya suala la kuwako mwaka 1956 kwa kuichambua lugha ya Kinyarwanda, na V. Y. Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alikichunguza kitabu hicho kama zao la mmisionari na wakati wake. Ukosoaji huo ni wa haki: hakuna aliyempa Tempels ruhusa ya kusema kwa niaba ya Wabantu wote. Hata hivyo wazo haliharibiki kwa sababu ya aliyelibeba. Volti 12 za soketi iliyochomolewa ni nguvu isiyofungamana na chochote, na haiangazi hata mdudu. Upungufu hujitokeza pale tu uhusiano unapodaiwa kazi.

Katika jambo moja Augustino anabaki na haki yake, na jambo hilo liko chini ya skrubu. Masi iliyooza ikifunguliwa, mara nyingi shaba ya waya huwa imevaa unga wa kijani. Unga huo huwa na kaboneti ya shaba, ukoo mmoja na malakiti, jiwe la kijani la Katanga ambalo wachongaji hulisugua na kuliuza kama shanga na mapambo. Si kitu kibaya kwa asili yake; ni shaba inayorudia hali iliyokuwa nayo kwenye mwamba. Kosa lake ni kukaa kati ya metali mbili zinazopaswa kugusana. Fundi hukata ncha iliyooza, husugua bodi kwa msasa hadi chuma king'ae, hufunga ncha mpya, hupaka grisi juu yake, kisha huwasha taa na kupima tena. Volti zinazopotea zikishuka hadi sehemu chache za kumi za volti moja, skrubu hiyo huachwa na kazi huhamia upande wa pili.