KUIMBA NA KUITIKIA

Wasomaji wetu, maneno haya mawili hufuatana kila siku, hata wengi hudhani ya kuwa maana yake ni moja. Walakini sivyo. Aimbaye hutangulia na maneno yake, aitikiaye huyapokea. "Kuitikia" kumetokana na "kuitika," nako kuitika kumetokana na "kuita." Basi kila kiitikio ni jibu, na mwenye kuitwa aweza kuitika, aweza pia kunyamaza.

Hapa Pemba twaziona kazi hizi mbili katika ngoma zetu, kama msewe, iliyopewa jina la vile vitu vya kulia vifungwavyo miguuni mwa wachezaji. Twaziona hata pwani, watu wavutapo chombo: mmoja hutoa sauti, wengine huitikia na kuvuta pamoja. Asipoitikiwa, chombo hakisogei hata shubiri moja, ijapokuwa sauti yake ni tamu.

Sasa na tuulize: wimbo ukiwa wa kumfedhehesha jirani, lawama ni ya nani? Wengi hujibu, "Ni ya aliyeutoa; sisi tuliitikia tu." Neno hili "tu" ndilo litudanganyalo. Fumbo la mtu mmoja ni sauti moja, na aliyefumbiwa aweza kulipuuza. Lakini likiisha kupokewa na watu hamsini limekuwa neno la mji mzima, naye atalisikia njiani na kisimani. Mwimbaji aliutoa wimbo. Walioitikia ndio walioufikisha mlangoni pake.

Labda mtu atasema ya kwamba mwitikiaji huenda asilijue fumbo. Ni kweli, maana fumbo hufichwa kusudi. Wala asiyejua hana hatia sawasawa na ajuaye. Walakini kutojua si ngao ya siku zote. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 14, auliza mtu asiyefahamu yaliyosemwa ataitikiaje Amina. Basi ikiwa sala yataka tuifahamu kwanza, wimbo wa kumtaja jirani je?

Kwa hiyo wimbo mwema tuuitikie kwa nguvu zetu zote, kwa maana pasipo sisi haufiki mbali. Na ule wa kuumiza tusiupokee. Wahenga walisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mtoa wimbo akikosa wa kumwitikia, huurudia mara mbili, mara tatu, kisha huubadili.