Kupelekeana Maua na Kwenda Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika darsa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja aliuliza suala ambalo kwa nje ni dogo na kwa ndani ni kubwa. Alisema: "Sheikh, mamangu yuko bara na mimi niko hapa Mombasa. Siku hizi mtu hupiga simu dukani, akalipa kwa M-Pesa, na maua yakafikishwa mpaka mlangoni kwa amtakaye. Je, nikimpelekea mamangu maua kila mwezi, nitakuwa nimetekeleza haki yake?" Waliokuwako walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suala hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa lake, na jawabu yake nilikwisha pewa na mwanamke mzee wa Ruiru.

Yafaa tuanze na wale wanaolikataa jambo hili tangu asili yake. Wao husema kwamba kupelekeana maua ni desturi ya Wazungu na kwamba Mwislamu hana haja nayo. Kauli hii haina nguvu. Watu wa pwani walikuwa watu wa maua tangu zamani. Bibi zetu walitunga asumini kwa uzi; walifunga vikuba kwa asumini, mrihani na mkadi; wakapelekeana kwa mikono ya watoto, nyumba hata nyumba. Mgeni akiingia alinyunyiziwa marashi ya waridi. Na mrihani umetajwa katika Sura ya Ar-Rahman miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu. Tena Imamu Muslim amepokea katika Sahihi yake kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mtu kuurudisha mrihani anaopewa, kwa kuwa ni mwepesi kuuchukua na harufu yake ni njema. Basi ua kwa nafsi yake si haramu, wala si geni kwetu. Nalisema hili mapema ili asidhani mtu kwamba nitakayoyasema baadaye yametokana na kuchukia maua.

Ama khabari ya Ruiru ni hii. Mama yangu mdogo, ndugu wa mamangu baba mmoja mama mmoja, aliolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Husimulia kwamba Ruiru aliyoikuta ilikuwa mji mdogo mtulivu katika njia ya reli iliyofika Thika mwaka 1913, umezungukwa na mashamba ya kahawa. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni huchanua maua meupe, na harufu yake hukaribia sana harufu ya asumini. Husema kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomtuliza mwaka wake wa kwanza ugenini. Akifumba macho hujiona yuko kwao. Leo mengi ya mashamba hayo yamegeuka nyumba. Barabara kuu ya Thika iliyokamilishwa mwaka 2012 imeuleta mji wa Nairobi mlangoni, na hesabu ya mwaka 2019 ilipata Ruiru watu zaidi ya laki tatu. Walakini kichochoro chake yeye bado kimetulia, na kwa mzee aliyefiwa na mume na ambaye watoto wake wametawanyika, utulivu huo ni mzigo.

Mwaka juzi alishikwa na maradhi ya miguu, akawa hatoki. Khabari ikanifikia. Nami nilikuwa na darsa za kusomesha, na ndoa mbili za kufungisha, na kila mwenye kutafuta udhuru huupata. Nikapiga simu duka moja la maua huko Thika, nikalipa, na mawaridi ishirini yakafika kwake jioni ile ile. Nataka niwe mkweli mbele yenu: usiku ule nililala vizuri kuliko usiku uliotangulia. Asubuhi akanipigia simu. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, maua yamefika. Wewe utafika lini?"

Sikuwa na jawabu. Siku ya tatu nilipanda gari la moshi la asubuhi, lile lililoanza kazi mwaka 2017, nikafika Nairobi mchana, na kabla ya Magharibi nilikuwa Ruiru. Safari niliyoiogopa kwa majuma mawili ilinichukua siku moja.

Nilimkuta amelala barazani pa ndani, na mawaridi yangu yamewekwa katika sufuria, kwa kuwa nyumba ile haina chombo cha maua. Yalikuwa yameanza kuinama. Pembeni yake alikuwako binti wa jirani, akimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Si wa kabila letu wala si wa dini yetu. Hufanya kazi katika shamba la maua upande wa Thika, na kila jioni akishuka katika matatu hupitia kwa mama mdogo kabla ya kwenda kwao: humtekea maji, humpikia chai, humwuliza usiku ulikuwaje. Viganja vyake vilikuwa na alama za miiba.

Nilimwuliza khabari za kazi yake. Akanieleza kwamba waridi hukatwa asubuhi mapema kabla halijafunguka. Hupimwa urefu wa kikonyo, hufungwa mashada, hutiwa katika chumba cha baridi ili lisiharakishe kuchanua, kisha hupelekwa uwanja wa ndege wa Nairobi. Mengi huenda Uholanzi, katika mnada mkubwa ulioko Aalsmeer, na kutoka huko husambazwa nchi nyingine za Ulaya. Yasiyosafirishwa huuzwa humu humu nchini, na huenda ndiyo niliyoyanunua mimi. Nikamwuliza: "Na wewe umepata kuletewa maua?" Akacheka, akasema hajaletewa, na kwamba akitoka kazini hataki hata kuyaona.

Usiku ule nilijihesabu nafsi yangu. Kulikuwa na watu wawili waliomjali mama mdogo. Mmoja alikata maua mchana kutwa kwa ajili ya wapenzi wa watu wengine, kisha akaja kwake mikono mitupu. Wa pili alikuwa mtoto wa ndugu yake, msomeshaji wa dini, naye alileta maua na hakuja. Nani kati yetu alitekeleza haki ya mgonjwa?

Sasa tulitazame suala lenyewe. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, na akatukataza kudharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mnyama. Kwa upande mwingine amehesabu kumzuru mgonjwa miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu. Haya ni mambo mawili, na kosa letu ni kudhani kwamba la kwanza laweza kulilipa la pili. Izingatieni hadithi qudsi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamhesabu mja kwa wagonjwa, wenye njaa na wenye kiu. Kwa mwenye njaa mja ataulizwa chakula. Kwa mwenye kiu ataulizwa maji. Kwa mgonjwa hataulizwa alichotuma. Ataulizwa kwa nini hakumzuru. Kila mhitaji ana haki yake iliyotajwa kwa jina lake, na haki ya mgonjwa ni kuonwa. Kama vile mwenye njaa hashibi kwa kutazamwa tu, basi mgonjwa naye haoneki kwa kutumiwa kitu.

Huenda akatokea mtu akasema: "Sheikh, wewe wataka kuwatia watu katika uzito. Wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine London. Wengine wamefungwa na kazi isiyo na likizo. Je, hawa wasitume lolote?" Nasema: hao ndio khasa wenye haki ya kutuma. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, tulizuiliwa kuzuru hata wazazi wetu hospitali. Mwaka huo huo masoko ya Ulaya yalifungwa, na mawaridi ya Kenya yakatupwa kwa wingi mashambani. Wakati ule aliyepeleka salamu, au chakula, au ua, huo ndio uliokuwa mguu wake, kwa sababu mguu wake mwenyewe ulizuiliwa. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Walakini mtu aijue nafsi yake: je, amezuiliwa, au amejizuia? Mimi sikuwa nimezuiliwa.

Basi mwenye kutaka kutuma na ajiulize mambo matatu. La kwanza: je, zawadi hii yafungua njia ya mimi kwenda, au yaifunga? Ikiwa baada ya kuituma nimeiona safari haina haraka tena, basi nilichonunua ni raha ya moyo wangu, na mgonjwa sikumnunulia kitu. La pili: je, natuma ili afurahi yeye, au ili nionekane? Wako siku hizi wanaotaka picha ya maua kabla ya khabari ya mgonjwa, na hiyo ni riya. La tatu: je, huyu ninayempelekea ana haja kubwa zaidi? Thamani ya mawaridi yangu ingalinunua dawa ya kuchulia ya miezi miwili, nami sikuuliza. Zawadi isiyotanguliwa na swali huenda ikamfaa mtoaji kuliko mpokeaji.

Wala nisifahamike kwamba namwambia mtu aache maua. Mama mdogo aliyapenda mawaridi yale. Aliniambia alipoyafungua alikumbuka mibuni ya zamani, ingawa haya ya shambani hayana harufu kubwa. Kilichomwuma ni kwamba mlango ulipobishwa alidhani ni mimi. Alijivuta kwa fimbo mpaka mlangoni, akamkuta kijana wa pikipiki ameshika shada, anataka saini. Hili alinieleza akicheka, ili nisione haya. Nami nikaona haya zaidi.

Jawabu yangu kwa kijana wa darsa ni hii. Mpelekee mamako maua, wala usimsikilize anayekwambia ni haramu. Lakini kabla hujalipa, mpigie simu umwulize ana haja ya nini. Na pamoja na maua mtajie siku utakayofika. Siku hiyo ikifika, ivunje darsa yangu uende. Na ukifika ukamkuta jirani, awe wa dini yoyote, aliyekuwa akikaa na mamako wewe ulipokuwa hupo, mshukuru na umwombee kheri, kwani amebeba deni lililokuwa lako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuziunga jamaa zetu kwa miguu yetu maadamu miguu ina nguvu.

Wabillahit tawfiq.